Kadi ya Mtaa Mzima

Siku kadi ilipokataa, Mzee Bobini alikuwa ananunua jicho.

Jicho halikuwa lake. Yake yote mawili alikuwa nayo, yamechoka lakini yapo. Lilikuwa la jirani yake, mchomeleaji wa mageti na madirisha, pande la mtu mwenye makovu mikononi, ambaye mtaa ulimwita Cheche tangu ujana wake. Jina lilitangulia, ajali ikafuata. Kipande cha chuma kiliruka kikamharibu jicho la kushoto, na baada ya hapo watu waliona haya kumwita jina lile, kisha wakaona haya zaidi kulibadilisha, wakaendelea nalo.

Tangu hapo Cheche hakuvua miwani nyeusi, awe juani au kivulini, awe na wageni au peke yake. Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Binti hakumwambia avue. Alimwuliza tu, akimmiminia chai, kama siku ya harusi atavaa miwani ile ile au atanunua nyingine. Cheche akanywa chai yake na kuelewa. Alikwenda kwa daktari wa macho, akapimwa, akaandikiwa ukubwa na rangi ya jicho la bandia ambalo lingeagizwa nchi za mbali, kisha akaja na fedha zake moja kwa moja kwa Mzee Bobini. Kwani angekwenda wapi kwingine? Mtaani pale, kitu cha mbali kilinunuliwa kwa Mzee Bobini, kama vile nywele zilivyokatwa kwa kinyozi.

Walikaa katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Bobini, fundi wa vyerehani, ambacho ndicho karakana yake. Vyerehani vitatu vilikuwa vimelala chali mezani, matumbo wazi. Harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa imeingia mpaka kwenye pazia. Mzee aliandika namba za kadi kwenye simu kwa kidole kimoja, akahakikisha, akabonyeza. Simu ikafikiri. Kisha yakatokea maandishi mekundu.

"Imekataa," alisema.

"Imekataa jicho, au imenikataa mimi?"

Akajaribu tena, safari hii akiwa ameshika simu karibu na dirisha, maana mtandao wa mtaa ule ulipenda madirisha. Maandishi mekundu yakarudi. Kabla hajaiweka simu mezani, ikalia ujumbe. Mpendwa mteja, akaunti yako ya kadi ya mkopo imefungwa kwa mujibu wa vigezo na masharti. Tunakushukuru kwa kutuchagua.

Mtu mwingine angetukana. Mzee Bobini aliusoma ujumbe, akausoma tena, na kilichomjia usoni kilikuwa kile kile kilichomjia alipoletewa cherehani kilichosimama ghafla katikati ya gauni la bibi harusi. Alivuta kiti karibu. Alitaka kujua. Katika maisha yake yote hakuwahi kurudisha mashine kwa mwenyewe akamwambia imeharibika yenyewe tu. Kitu hakisimami bure. Ama kimechoka mahali, ama kuna kilichoingia.

Cheche, kwa upande wake, alitaka kujua jambo moja. "Na pesa yangu?"

Pesa yake ilikuwa ndani ya kadi. Mzee alikuwa ameipeleka benki asubuhi ile ile.

Hapo inabidi kueleza namna kadi ile ilivyotumika, maana nadhani hakuna benki duniani iliyokusudia itumike hivyo. Miaka kadhaa nyuma, vijana wenye fulana za rangi moja walitandaza meza sokoni wakigawa kadi za mkopo kama wanaogawa karanga. Mzee Bobini alichukua kwa sababu vyuma vya vyerehani vya zamani havikuuzwa tena madukani. Watu wa leo cherehani kikiwasumbua wanakitupa na kununua kingine cha plastiki, wakishona nacho mapazia mawili nacho kinakufa. Vyuma vya kweli vilibaki kwa wazee wachache wa nchi za mbali waliokuwa wanauza akiba za maduka yaliyofungwa, na wazee hao hawakupokea fedha ila kwa kadi.

Basi vifurushi vikaanza kuja. Kinyozi akaviona, akaulizia wembe wa mashine yake. Msusi akaulizia wigi. Mjane wa nyumba ya kona akaletewa soksi za kubana miguu yenye uvimbe. Mwalimu wa muziki akaletewa nyuzi za gitaa, na mkamwana wa fundi viatu sidiria za kunyonyeshea. Kila mmoja alileta fedha kwanza. Mzee Bobini aliogopa deni kuliko moto, kwa hiyo alizipeleka benki zikaingia ndani ya kadi, na ndipo aliponunua. Kwa namna hiyo akawa mtu wa ajabu, mwenye kadi ya mkopo asiyewahi kukopa. Kifurushi kilipofika, mwenyewe aliitwa, kikafunguliwa pale mezani kwa bisibisi, na fundi akatazama kilichomo kwa hamu kama chake. Hakuchukua hata senti. Malipo yake yalikuwa kuona. Aliyajua magoti ya mtaa mzima, na vichwa, na meno. Alijua nani anajifunza lugha gani kwa siri na nani kaanza kupoteza nywele.

Wala hakuona kwamba kafanya jipya. Zamani mtaa ule ulikuwa na ngazi moja. Ilikaa kwa seremala, na aliyetaka kupanda paa alikwenda kuichukua, na seremala akajua paa la nani linavuja. Kulikuwa na sufuria moja kubwa la shughuli, redio moja ya maana, pasi moja ya makaa. Leo kila nyumba ina ngazi yake na ukuta wa kuifichia, na mtu anaweza kuanguka toka juu ya paa lake mwenyewe na jirani asijue mpaka asikie harufu. Ile kadi ilikuwa ngazi ya mwisho. Kuna waliomcheka mzee kwa hilo. Na wacheke, ila waliomcheka nao waliagiza.

Habari ya kufungwa kadi ilizunguka mtaa kabla ya jua kuzama, na kila mtu akaja na sababu yake. Kinyozi alisema ni jicho tu, hakuna mashine itakayomwelewa mtu anayenunua jicho moja. Fundi viatu alisema ni zile nyuzi za gitaa, siku hizi kila kitu chenye waya kinachunguzwa. Mke wa Mzee Bobini alikuwa anachambua mchele mlangoni akiwasikiliza, akawaambia wasihangaike.

"Ni wigi," alisema. "Huyu baba ananunua wigi kila mwezi na nyumbani kuna mwanamke mmoja mwenye mvi. Hata mimi ningekuwa benki ningemfungia."

"Wangekuuliza wewe kwanza," mumewe akajibu.

"Wangeniuliza, ningewaambia mumfungie tu."

Wakacheka. Mzee akacheka nao, lakini akili yake ilikuwa kazini. Aliipitia kadi kama anavyopitisha uzi, toka kwenye kigurudumu cha uzi mpaka tundu la sindano, akitafuta uliponasa. Deni hana. Kuchelewa kulipa, angechelewaje mtu anayelipa kabla? Namba ya siri hajampa mtu. Alipiga simu ya huduma kwa wateja, akachezewa muziki, akaambiwa abonyeze moja, akabonyeza, akachezewa muziki ule ule toka mwanzo. Mwishowe sauti ya kijana ilimwambia kwamba sababu haionekani, kinachoonekana ni kwamba imefungwa. Mzee akamwuliza kwa upole, sasa hiyo iliyofunga, wakati inafunga, ilikuwa inaona nini? Kijana akamtakia siku njema.

Cheche hakuja na sababu yoyote. Alikaa kwenye kigoda mpaka wote wakaondoka, akasema kesho atamsindikiza fundi benki. Alilisema kwa ukarimu, lakini Mzee Bobini alilijua neno. Mtu husindikiza mgeni, au husindikiza fedha yake. Hilo lilimchoma kuliko ujumbe wa simu. Miaka yote ile, pamoja na mikono yote iliyomwekea noti mezani, hakuna aliyewahi kumsindikiza.

Benki walikuta watu wameketi kwenye viti vya chuma, kila mmoja na karatasi ya namba, wote wakitazama ukuta unaoita namba. Mzee Bobini aliikumbuka benki hiyo hiyo ikiwa na meneja mwenye masharubu aliyekaa mlango wazi, akimjua mteja kwa mwendo wake kabla hajauona uso. Ungemwambia meneja yule nataka hiki kwa sababu hii, akakutazama, akakubali au akakataa, na ukijua aliyekukataa ni nani, ukaweza hata kumsengenya. Chumba chake sasa kilikuwa na mashine mbili na mti wa plastiki.

Namba yao ilipoitwa waliketi mbele ya ofisa, msichana mwenye miwani ya fremu nyembamba na sauti ya kuuguza wagonjwa. Alimwita mzee baba, akamwomba kitambulisho, akaandika, akasoma kwenye kioo chake. Alisoma kwa muda. Mara moja alimtazama mzee, akarudi kusoma. Fundi alijivuta mbele mpaka kifua kikagusa meza. Hakuwa na hofu hata kidogo. Hatimaye alikuwa mbele ya mtu anayeona tumbo la mashine.

"Baba, mwezi uliopita uliletewa maswali kwenye simu," alisema ofisa. "Ya kuhakiki taarifa za wateja. Ulijibu wewe mwenyewe?"

Alijibu mwenyewe. Aliyakumbuka vizuri, tena aliyafurahia, maana tangu apewe kadi hakuna aliyewahi kumwuliza anaitumiaje. Alikaa nayo jioni nzima. Alivaa miwani.

"Uliulizwa kama kadi unaitumia kwa manunuzi yako binafsi tu. Ukajibu hapana."

"Si ndiyo kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana imefungwa."

Mzee Bobini alikitazama kile kioo. Cheche naye, aliyekuwa anatazama mlango wa hazina, akageuza shingo.

"Na ningesema ndiyo?" aliuliza mzee.

Ofisa alitazama vidole vyake juu ya vitufe. "Ingekuwa inafanya kazi mpaka leo," alisema.

Hasira zingekuja, na pengine zilikuja baadaye, lakini wakati ule fundi alisikia ule mlio mdogo wa moyoni ambao huusikia anapopata uzi ulionasa. Kumbe ni pale. Kisha likamjia la pili. Chini ya maswali kulikuwa na nafasi ya maelezo, na yeye alikuwa ameijaza. Aliandika habari ya wigi ni za nani na soksi ni za nani, akaeleza kwamba fedha huingia kabla, akaeleza hata ile ngazi. Akamwuliza msichana kama maelezo yale yanaonekana.

"Hapana, baba. Hayo hayasomwi. Yanaingia tu."

"Yanaingia wapi?"

Msichana alitafuta kwenye kioo chake. Alikiri kwamba hajui. Mzee alimwuliza tena kwa njia nyingine, kama ni kwenye mashine ya hapa au ya makao makuu, na kama kuna mtu mahali ambaye kazi yake ni kukaa nayo. Hakuwa anamkejeli. Alitaka kujua barua ya jioni nzima inakaa wapi ikiwa haisomwi. Msichana akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza hilo na sasa na yeye angependa kujua.

Pengine ndilo lililomfanya ainame mbele na kuwasaidia. Akaunti inaweza kufunguliwa tena, alisema, na siku hiyo hiyo. Kuna tamko. Mzee aseme kwamba alijibu kimakosa, kwamba manunuzi yote yalikuwa yake, na kwamba kuanzia sasa hatanunua kwa niaba ya mtu mwingine yeyote. Saini moja. Jicho lingeagizwa kabla ya jioni.

"Wigi zilikuwa zangu?"

"Wigi siku hizi hata wanaume wanavaa."

"Na sidiria za kunyonyeshea?"

Msichana akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. "Baba, hawatauliza moja moja."

"Na jicho?" aliuliza mzee. "Jicho nalo ni langu?"

Hapo Cheche akavua miwani yake. Aliiweka mezani kati ya kalamu na kalenda, akamtazama msichana kwa jicho alilo nalo, na mahali pa lile jingine pakabaki wazi mbele yake. Msichana hakugeuza uso, na hilo lihesabiwe upande wake. Aliacha kucheka, akasukuma karatasi mbele ya mzee taratibu.

"Saini, kaka," alisema Cheche. "Harusi ipo mlangoni."

Mzee Bobini alishika kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa uongo wa mambo yaliyopita, na kusema haki, alikuwa tayari kuumeza. Mtu anaweza kusema wigi zilikuwa zake, dunia haitaanguka. Ulikuwa mstari wa pili. Alijiona siku ya pili mlangoni kwake, msusi amesimama na fedha mkononi, na yeye anamwambia nini? Nimeweka saini kwamba sikujui? Alijiona akimwambia mjane vilevile, na kinyozi, na huyu huyu Cheche siku jicho likipasuka. Kalamu ilikaa juu ya karatasi bila kugusa. Alitaka sana kusaini. Rafiki yake alikuwa uchi mbele ya mgeni kwa ajili ya saini hiyo.

"Siwezi kuahidi hili la pili," alisema. "Futa hili la pili, la kwanza nipe."

Halifutiki. Tamko ni moja.

Cheche akavaa miwani yake. Alifanya hivyo polepole, sikio moja kisha la pili, na Mzee Bobini alisikia ubaridi wa mtu anayehama pembeni yako bila kunyanyuka kwenye kiti. Fundi akaanza kusema kwamba watatafuta njia, kwamba anamfahamu mtu. Hakumfahamu yeyote. Ni ofisa aliyemkatiza maneno, naye hakumtazama yeye. Alimtazama Cheche.

"Na wewe, baba, kwa nini usichukue yako?"

"Yangu nini?"

"Kadi. Una kitambulisho. Una kazi. Zipo unazoweka fedha kwanza, unapewa leo leo. Ile fedha yako nitaitoa kwa huyu mzee, nikuwekee wewe."

Wanaume wawili walitazamana. Ni vigumu kueleza leo, lakini wazo lile halikuwahi kupita mtaani kwao. Kadi ilikuwa kwa Mzee Bobini, kama kituo cha polisi kilivyokuwa kwenye njia panda. Nani anafikiria kuwa na kituo chake cha polisi? Cheche alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa anunue barabara yake, kisha akaacha kukitikisa. Aliuliza kama mashine itamwuliza maswali. Itamwuliza. Akauliza ajibu nini kwenye lile swali.

"Jibu kweli," alisema msichana. "Jicho si lako mwenyewe?"

Lilikuwa lake mwenyewe. Safari hii ukweli ulikuwa upande wa mashine.

Fedha zikatoka jina moja zikaingia jingine, na Mzee Bobini akasaini hilo bila shida. Cheche akasimama, msichana naye akasimama, akafungua mlango wa kichumba cha kioo pembeni ambako mteja mpya hupigwa picha na kuulizwa habari zake. Mzee Bobini alinyanyuka kuwafuata, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofuata kifurushi.

"Samahani, baba," msichana alisema, na alisema kwa adabu. "Mwombaji peke yake."

Akakaa kwenye kiti cha chuma. Kupitia kioo aliona mgongo mpana wa jirani yake na mdomo wa msichana ukiuliza. Aliona Cheche akijibu, akisita, akijibu tena. Swali moja lilimfanya acheke, jingine lilimfanya ainamishe kichwa kwa muda mrefu. Fundi aliinamia mbele, viwiko magotini, akajaribu kusoma midomo. Alimfahamu yule mtu tangu wakiwa wote na nywele. Angetoa cherehani chake kizuri kuliko vyote ili ajue ni swali gani lile lililomwinamisha.

Cheche alitoka na bahasha ndogo, ameitia mfuko wa ndani wa koti na kuupigapiga kutoka nje. Ubaridi ulikuwa umemtoka. Alimshika mzee begani, akamwambia ahsante, kaka, na akamaanisha. Walipofika nje barabarani Mzee Bobini alivumilia mpaka kona, akashindwa.

"Wamekuuliza nini kule ndani?"

"Mambo tu," alisema Cheche. "Mambo yangu."

Hakulisema kwa ubaya. Wakaendelea kutembea, wakaongea habari za harusi na bei ya kukodi viti.

Kabla ya mwezi kwisha, vijana wenye fulana za rangi moja walikuja na meza mpaka mtaani penyewe. Msusi akachukua kadi yake, kinyozi yake, hata mjane yake, na vifurushi vikawa vinapita mbele ya karakana juu ya pikipiki bila kusimama. Mke wa Mzee Bobini alimwambia sasa atapata muda wa kurekebisha bomba la jikoni. Alilirekebisha. Akakaa tena mlangoni, na kila pikipiki ikipita shingo yake iliisindikiza mpaka ilipoishia, na akabaki anakisia kwa ukubwa wa boksi.

Siku ya harusi Cheche alisimama mlangoni mwa ukumbi pembeni ya binti yake, bila miwani. Jicho lilikuwa limefika bila Mzee Bobini kujua siku wala saa. Alijipanga kwenye mstari wa wageni wa kupeana mikono, nyuma ya watu asiowafahamu wa upande wa bwana harusi, akinyoosha shingo juu ya mabega yao. Alilitazama kama walivyolitazama wao, kwa mbali na kwa adabu. Mstari ulikwenda haraka. Zamu yake ilipofika alishika mkono wa jirani yake kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akiwa ameinua uso, mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa.